MPELEKE MWANAO ZIWANI, NA UMTAFUTE ANAYELIJUA ZIWA



Ndugu zangu, kila mwaka ikifika mwezi wa tano simu yangu hujaa swali moja. "Sheikh, shule zinafungwa. Watoto watakaa nyumbani miezi miwili na zaidi. Nifanye nao nini?" Wengi wanaouliza ni wazazi wenzangu wa huku Ohio, Marekani, watu waliotoka Unguja, Mombasa, Lamu, Uvira na Bujumbura. Baba anafanya kazi usiku kwenye maghala, mama anafanya kazi mchana kwenye nyumba za kulelea wazee, na mtoto anabaki na simu. Asubuhi simu, mchana simu, usiku simu chini ya blanketi.

Jibu langu mwaka huu ni fupi. Mpeleke ziwani akavue samaki.

Wako waliocheka. Mmoja akaniandikia, "Sheikh, babu zetu wamevua hadi migongo ikapinda, sisi tumesoma ili tusivue, leo unatuambia tulipe pesa tukavue?" Nikamjibu: naam, ndugu yangu, lipa. Nisome mpaka mwisho, kisha uamue.

Mtoto wa Nungwi akifika miaka saba anajua chambo, anajua mshipi, anajua maji yakitoka na yakijaa. Anajua kwamba baba akirudi na kikapu kitupu, usiku huo ni muhogo na chai. Mtoto wetu wa Columbus anamjua samaki aliyelala ndani ya mfuko, hana kichwa, hana mkia, amegandishwa. Ukimuuliza ametoka wapi, anataja jina la duka. Ukimwambia rizki inatoka kwa Mola, anaitikia "ndiyo baba" kwa ulimi, kwa sababu hajawahi kuiona ikichelewa.

Mwezi wa sita uliopita tulikwenda Ziwa Erie, mimi na wanangu wawili, na jirani yangu mmoja na watoto wake wawili. Jumla tukawa sita. Idadi hiyo ina maana yake. Boti nyingi ndogo za kukodi huku haziruhusiwi kuchukua abiria wa kulipa zaidi ya sita, na nahodha wake lazima awe na leseni ya walinzi wa pwani wa Marekani. Muulize leseni kabla hujamlipa, na usione haya. Unamkabidhi roho za wanao.

Kutoka Columbus mpaka mji wa Port Clinton ni mwendo wa saa mbili kwa gari. Tuliswali Alfajiri, tukaondoka, na saa moja asubuhi tulikuwa gatini. Safari ya nusu siku inakwisha kabla ya saa saba mchana, na Adhuhuri ya huku wakati wa kiangazi huingia karibu na saa saba na nusu. Kwa hiyo usiseme kwamba uvuvi utakuharibia swala. Panga tu.

Jambo jingine la kupanga. Kodini boti nzima, familia mbili au tatu mkigawana gharama, kwa sababu gharama si ndogo. Mkichanganywa na wageni msiowajua, huenda mwenzenu akafungua bia pembeni ya mtoto wako. Sisi tulimwambia nahodha mapema: hatunywi pombe, hatuli nguruwe, chakula chetu tunacho, na mabinti zetu watakuwa na mitandio yao. Akasema, "Sawa, mtandio usiwe na ncha inayoning'inia karibu na kigurudumu cha mshipi." Basi. Mabinti wakachomeka mitandio ndani ya jaketi za kuokolea, wakavua kuliko sisi wanaume.

Sasa nikupe masomo matatu niliyoyaona kwa macho yangu.

SOMO LA KWANZA: MFUATE ANAYEJUA

Safari yetu tulikuwa tumeipanga Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Usiku wa kuamkia siku hiyo nahodha akapiga simu. "Upepo unatoka kaskazini-mashariki. Hatutoki." Hakusema "tuone asubuhi." Watoto walilia. Binti yangu alitazama dirishani, akaniambia, "Lakini baba, hapa hakuna hata upepo."

Nikawakalisha nikawaeleza. Ziwa Erie ndilo lenye kina kifupi kuliko yote katika yale Maziwa Makuu matano ya Amerika ya Kaskazini. Pahala penye kina kirefu kabisa ni mita 64, na upande wa magharibi, huko tunakokwenda, wastani ni kama mita 7 tu. Mtu asiyejua atasema afadhali, maji mafupi ni salama. Anayejua atakwambia kinyume chake: maji mafupi upepo huyainua haraka, na mawimbi huja yakiwa mafupi, yamesimama, yamefuatana, boti haipati nafasi ya kupumua.

Nikawakumbusha kisa tunachokisoma kila Ijumaa katika Suratul Kahf. Nabii Musa, alayhi salaam, ambaye Mola alisema naye, alifunga safari ndefu kumtafuta mja aliyepewa elimu asiyokuwa nayo yeye. Na alama ya njia ilikuwa nini? Samaki. Samaki aliyeponyoka akashika njia yake baharini. Nabii mzima alikubali kuongozwa, akaahidi subira, na tunajua jinsi subira ile ilivyokuwa nzito kwake.

Sasa wewe mzazi, mtoto wako amekuona ukiongozwa na nani? Nyumbani wewe ndiye mkubwa. Kwenye gari wewe ndiye dereva. Siku atakayokuona umesimama kwenye boti ukiambiwa "keti," na ukaketi, ukiambiwa "shika fimbo hivi," na ukashika, atajifunza kwamba kumtii anayejua hakumpunguzii mtu heshima. Hotuba yako ya saa nzima haitamfundisha hilo.

Na jaketi za kuokolea? Sheria kuhusu umri hutofautiana toka jimbo mpaka jimbo. Sheria ya nyumba yangu ni moja: kila mtoto anavaa tangu gatini hadi gatini, na baba anavaa pia. Usimvalishe mwanao jaketi huku la kwako umelikalia.

SOMO LA PILI: MPAKA NI MPAKA HATA KAMA HAKUNA ANAYEONA

Samaki tuliyemfuata anaitwa walleye. Ana macho makubwa yanayong'aa kama ya paka ukimmulika, kwa sababu nyuma ya jicho lake kuna tabaka linalorudisha mwanga. Kwa macho hayo huwinda kwenye maji yenye kiza, pale samaki wengine wasipoona vizuri. Subhanallah. Chambo ni minyoo, imepangwa kwenye ndoana mbili nyuma ya shanga na kibati kinachozunguka. Watoto wangu walianza kwa kusema "yak," na baada ya nusu saa walikuwa wakigombania mkebe wa minyoo.

Sheria ya Ohio kwa samaki huyu wa Ziwa Erie ni hii: kila mvuvi samaki sita kwa siku, na hakuna kumchukua aliye chini ya inchi 15, yaani sentimita 38. Aliye na umri chini ya miaka 16 hahitaji leseni ya kuvua. Mkubwa anahitaji.

Mtoto wa kiume wa jirani yangu ana miaka kumi na minne. Ni mtoto mzuri, ila ameingia ule umri wa kujibu neno moja moja. Baba yake aliniambia kwamba tangu mwezi wa Ramadhani hajapata kwake sentensi nzima. Asubuhi ile samaki walikuwa wakishika kwa wote isipokuwa yeye. Binti yangu watatu. Mwanangu wa miaka tisa wawili. Yeye hakuna. Saa nne ikapita. Hatimaye fimbo yake ikainama, akapambana naye, nahodha akamtia samaki kwenye wavu. Yule kijana alicheka kicheko ambacho baba yake, nilimtazama, alikuwa hajakisikia muda mrefu.

Nahodha akamlaza samaki kwenye rula. Akamnyoosha mkia. Akampima tena. Inchi kumi na nne na nusu.

"Huyu anarudi," akasema.

Kijana akaangalia huku na huku. Maji matupu. Boti ya karibu ilikuwa kama tone kwenye upeo. "Ni nusu inchi," akasema. "Nani atatuona?"

Nahodha ni mzee wa miaka sitini na kitu. Sikumuuliza dini yake. Alilowesha mikono, maana mkono mkavu humtoa samaki ule ute unaomkinga na maradhi, akamteremsha majini taratibu, akamwachia. Kisha akasema, "Mwakani atakuwa mkubwa. Na wewe vilevile."

Ndugu zangu, nilijua pale pale kwamba hapo pana darsa, lakini sikusema kitu. Kijana alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hafundishwi. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari, yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza: "Sheikh, angemchukua yule samaki ingekuwa haramu?"

Nikamwambia kile kisa cha watu wa mji wa pembezoni mwa bahari, wale wa Jumamosi. Walikatazwa kuvua siku moja tu katika juma. Na siku hiyo hiyo samaki ndio walikuwa wakija juu ya maji, makundi kwa makundi, na siku nyingine hawaji. Wapokezi wa kisa wakasimulia jinsi baadhi yao walivyotega mitego kabla ya siku ile, wakachukua samaki baada yake, wakasema sisi hatujavua Jumamosi. Nikamwambia, mwanangu, umepata kuona mtihani mdogo kuliko huo? Hawakujaribiwa kwa dhahabu. Walijaribiwa kwa samaki. Na wewe leo umejaribiwa kwa nusu inchi.

Kisha nikampa jibu la fiqhi kwa urahisi. Samaki ni halali, hata kuchinjwa hahitaji. Lakini umeingia kwenye nchi kwa ahadi ya kufuata sheria zake zisizokuamrisha maasi, na sheria hii inalinda chakula cha watu wote. Ukiivunja umekula haki ya yule atakayekuja kesho. Uhalali wa nyama ya samaki ni jambo moja, na uaminifu wa mkono uliomchukua ni jambo jingine.

Wengine mtaniuliza: kuvua kwa kufurahi tu, unamtoa samaki unamrudisha, unamtoa unamrudisha, kuna hukumu gani? Wanazuoni wetu wamechukia kuwinda kwa mchezo, na Mtume, swallallahu alayhi wasallam, alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Kwa hiyo nia yetu ilikuwa kula. Mdogo alirudishwa kwa sababu ya mpaka, na alirudishwa haraka na kwa upole. Mlipotosheka, acheni. Sisi hatukufikia hata idadi tuliyoruhusiwa, na tulirudi gatini tukiwa na furaha.

SOMO LA TATU: ZIWA LINA HISTORIA, NA BABA PIA ANAYO

Watoto waliuliza kwa nini kuna sheria nyingi namna hii. Nahodha akawasimulia, na aliyoyasema ni mambo yanayojulikana. Viwanda na miji vilimwaga uchafu kwenye ziwa hili miaka mingi, hadi watu wakasema Ziwa Erie limekufa. Mwaka 1969 mto Cuyahoga, unaoingia ziwani pale Cleveland, uliwaka moto. Mto, ndugu yangu. Mafuta na taka juu ya maji vilishika moto. Mwaka 1970 zebaki ikagundulika katika samaki, na uvuvi wa walleye ukapigwa marufuku. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zikatia saini makubaliano ya kusafisha maji ya Maziwa Makuu. Leo watu wanatoka mbali kuja kuvua hapo hapo.

Lakini maradhi hayajaisha. Mbolea ya mashambani husombwa na mvua mpaka mto Maumee, na mto huiingiza ziwani. Kiangazi kikikolea, vijimea vya kijani vinatanda juu ya maji, na baadhi vina sumu. Mwezi wa nane mwaka 2014 watu wa mji wa Toledo, karibu nusu milioni, waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Hata kuyachemsha hakusaidii, kwa kuwa sumu ile haiondoki kwa moto. Qur'ani imetuonya katika Suratur Rum kuhusu uharibifu unaodhihiri barani na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu. Mtoto anayeisikia aya ile msikitini anaihifadhi. Akiisikia huku mkono wake umo ndani ya maji yenyewe, anaielewa.

Hapo ndipo jirani yangu alipofungua mdomo. Yeye ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Aliondoka huko akiwa kijana wakati wa vita vya mwaka 1996. Huku anaendesha mashine ya kupakia mizigo, zamu ya usiku. Nilikuwa namjua miaka sita, tunaswali safu moja, na sikuwahi kumsikia akilitaja ziwa.

Mshipi wa mwanawe ulikatika. Kabla nahodha hajafika, yeye akauchukua, akafunga ndoana kwa vidole vyake, fundo moja, akaukaza kwa meno. Nahodha akaushika, akauvuta, akauvuta tena, akamuuliza, "Umejifunza wapi?"

"Kwa baba," akasema.

Mwanawe akageuka. "Babu alikuwa mvuvi?"

Na yule mtu akasimulia. Baba yake alikuwa akitoka usiku, zile siku za kiza ambazo mwezi haupo, na taa za karabai zimefungwa kwenye mitumbwi. Ndagala, ambao upande wa Kigoma wanaitwa dagaa, huifuata ile nuru wakakusanyika chini yake. Ukisimama ufukweni unaona taa zimetapakaa majini kama mji. Akasema ziwa lile ni refu kwenda chini, zaidi ya mita 1,400, ukililinganisha na hili hapa ni dimbwi. Nahodha akacheka kwa kulisikia ziwa lake likiitwa dimbwi.

Kijana akauliza, "Na babu asipopata?"

"Anarudi mikono mitupu. Mara nyingi tu. Anasema Alhamdulillah, anatandika mkeka, analala. Mama hamuulizi. Sisi hatumuulizi. Kesho anatoka tena."

Kijana alinyamaza. Yeye siku hiyo hakupata samaki hata mmoja wa kuchukua. Aliporudi gatini alikuwa na mikono mitupu kama babu yake, na nadhani alilijua hilo. Njia nzima ya kurudi, saa mbili, walizungumza. Sentensi nzima nzima. Mimi nilikuwa naendesha gari na masikio yangu yako nyuma.

Nikuambie jambo, ewe baba unayenisoma. Mwanao anakuona umechoka, umevaa fulana ya kazi, unasinzia kwenye kochi. Anadhani ndivyo ulivyozaliwa. Hajui kwamba mikono hiyo inajua kitu. Inawezekana ni mshipi, inawezekana ni jembe, ni ushonaji, ni kuchonga mlango. Mpeleke mahali ambapo mikono yako itakumbuka.

Na usidhani mipaka ya ziwa ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano na nchi nyingine zinazolizunguka. Miezi mitatu mvuvi anakaa kando ya maji yake. Ni mtihani mzito kwa mtu ambaye chakula cha leo kimo ndani ya wavu wa leo. Wakumbukeni katika dua zenu. Sisi tumejaribiwa kwa nusu inchi na tukanuna.

Mambo machache ya mwisho. Gatini wapo watu wa kusafisha samaki, wanakutolea minofu na kutupa vichwa. Jirani yangu alivitaka vichwa vyote, hata vya boti ya jirani, na wale watu walimwona wa ajabu mpaka alipowaeleza mchuzi wake. Usimshike walleye ovyo, ana meno makali na miiba mgongoni. Soma maelekezo ya idara ya afya kuhusu kiasi cha samaki wa ziwani wanachoshauriwa kula watoto na mama wajawazito. Na kama huna pesa ya boti, usijisikie mnyonge. Chukua fimbo ya bei ndogo, nenda kwenye gati la bustani ya umma, mtafute mzee anayevua hapo kila siku, mwombe akufundishe mbele ya mwanao. Na wewe uliyeko Mwanza, Kisumu au Kigoma, wavuvi ni jirani zako. Mwombe mmoja amchukue mwanao asubuhi moja ya likizo, kukiwa na utulivu, akiwa na jaketi, na wewe ukiwa naye. Mlipe. Elimu yake ni ya kulipiwa.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu juu ya maji na juu ya nchi kavu. Turuzuku kilicho halali, na utupe nguvu ya kukirudisha kisicho chetu pale ambapo hakuna mwingine anayetuona ila Wewe. Wafungue ndimi wazazi na watoto wao waliokaa kimya nyumba moja. Warehemu baba zetu waliotoka usiku wakarudi mikono mitupu wakasema Alhamdulillah.

Aamin. Mtumie mzazi mmoja unayemjua. Likizo ni fupi.